Kuvuta mfupa wa kifundo cha mkono bila kumtesa mgonjwa: ganzi zipi zipo na zinapigwaje

Hii naiandika kwa matabibu, maintani na manesi walioko hospitali za wilaya na vituo vya afya vyenye eksirei, wale ambao mgonjwa akiingia saa tatu usiku mkono umepinda hakuna mtaalamu wa usingizi wa kumpigia simu. Kama we si mtu wa afya soma tu, utajua cha kuuliza siku ukipelekwa pale, ila sindano zenyewe si za kujaribu, ni za mtu aliyefundishwa na akasimamiwa kabla ya kuachiwa peke yake.

Kinachonikera ni kwamba mpaka leo kuna sehemu mgonjwa anachomwa daiklofenaki ya tako, watu wawili wanamshika, wa tatu anavuta. Kelele zinafika mpaka wodi ya wazazi, anaambiwa "vumilia mama, dakika moja tu", na wakati huohuo kichupa cha lignokeini, dawa ya ganzi, kipo kwenye trei kilekile kinachotumika kila siku kushonea vidonda. Yani dawa ipo, bomba lipo, sindano ipo, kinachokosekana ni mtu wa kukaa robo saa akisubiri ganzi ishike.

Tuelewane kwanza mvunjiko gani. Nazungumzia ule wa mwisho wa mfupa wa radiasi, yani mfupa wa kigasha upande wa gumba, pale karibu na kiganja, ambao mtu anaupata akianguka akajizuia kwa mkono. Bibi kateleza bafuni, dogo kadondoka mwembeni, abiria karushwa na bodaboda. Mwingi ni ule wa Colles, jina la daktari wa upasuaji wa Dublin, Abraham Colles, aliyeueleza mwaka 1814 wakati eksirei yenyewe ilikuwa bado miaka 80 ndo igunduliwe, kwa hiyo jamaa alikuwa anatumia macho na vidole tu. Kipande cha mbele kinapanda juu upande wa mgongo wa mkono, ukiutazama kwa pembeni unaona umekaa kama uma uliofunikwa mezani. Huo ndo tunaoutaka urudi mahali pake.

Kabla ya sindano yoyote

Mgonjwa akifika toa pete na bangili hapohapo, usisubiri picha, maana mkono ukishavimba pete inageuka kesi nyingine na itabidi ikatwe. Mfunge banzi, hata boksi gumu na bandeji vinatosha kwa muda huo, mkono ukae juu ya mto, mpe parasetamoli gramu 1 kama ni mtu mzima, na kama maumivu ni makali ongeza tramadoli au mofini kulingana na ulichonacho. Mfupa ukishatulizwa tu maumivu yanapungua sana, watu wanadharau banzi lakini ni dawa kabisa.

Alafu pima neva na damu, na andika. Hili usiliruke, maana ukishapiga ganzi vidole vikafa huwezi tena kujua kama ufu ule ni wako au ulikuja na ajali. Mwambie atengeneze duara kwa kidole gumba na cha shahada, hiyo ni neva ya kati inafanya kazi, na umguse ncha ya kidole cha shahada anahisi au hahisi. Atanue vidole vyote, umguse ncha ya kidole cha mwisho, hiyo ni neva ya alna. Anyanyue gumba juu kama anakubali jambo, umguse mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada, hiyo ni radiali. Bonyeza ukucha uachie, damu irudi ndani ya sekunde 2. Kama vidole ni vya baridi, vyeupe na mapigo hayapo, hiyo si kesi ya kukaa unasubiri ganzi ishike, huo mkono unatakiwa unyooshwe haraka kwa njia yoyote ya haraka uliyonayo na simu ya rufaa ipigwe wakati huohuo.

Kidonda kikiwa wazi juu ya mvunjiko pia kaa mbali na njia ninayoeleza sasa hivi, huyo anahitaji antibayotiki, chanjo ya pepopunda, kuoshwa thieta.

Hematoma bloku, hii ndo ya kuanza nayo

Mfupa ukivunjika damu inajaa pale katikati ya vipande, sasa we unachofanya ni kuingiza ganzi ndani ya dimbwi hilo la damu, inasambaa yenyewe mpaka kwenye ngozi ya mfupa ambako ndo maumivu yanatoka. Haihitaji mashine, haihitaji mgonjwa awe na njaa kama wa nusukaputi, na gharama yake ni kichupa na bomba. Inafanya kazi vizuri mvunjiko ukiwa mbichi, wa siku hiyohiyo. Zikishapita saa 24 damu inakuwa imeganda na ganzi haisambai vizuri, hapo fikiria njia nyingine.

Hesabu ya dozi ndo watu wanaikosea kwa sababu vichupa vingi tulivyonavyo ni vya asilimia 2 na vitabu vinaongea asilimia 1. Shika hivi: asilimia 1 ni mg 10 kwa kila ml, asilimia 2 ni mg 20 kwa kila ml. Kiwango cha juu cha lignokeini bila adrenalini naweka mg 3 kwa kilo, vipo vitabu vinaruhusu mpaka 4.5 lakini kwenye mfupa dawa inanyonywa haraka na sioni sababu ya kwenda huko. Sasa chukua bibi mwembamba wa kilo 40, kikomo chake ni mg 120, yani ml 12 za asilimia 1 au ml 6 tu za asilimia 2. Ukimvutia ml 10 za asilimia 2 kwa mazoea umeshampa mg 200 na umempita mbali. Mimi naona njia salama ni kuchanganya: ml 5 za asilimia 2 na ml 5 za maji ya chumvi ya dripu, unapata ml 10 za asilimia 1, mg 100, inamtosha mtu mzima karibu yeyote na bibi yetu bado yumo ndani ya kikomo. Na soma lebo kwa macho yako, zile katriji za meno zina adrenalini ndani, hapa tunataka ile tupu.

Lignokeini inachoma ikiingia. Ukiwa na sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4 weka ml 1 kwenye ml 9 za ganzi ya asilimia 1, makali yanapungua, na kama huna basi shika bomba kiganjani dakika chache lipate joto la mwili na usukume polepole. Kusukuma polepole peke yake kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Ongea na mgonjwa. "Shikamoo bibi. Bibi, nakuchoma sindano moja hapa juu ya mkono, itauma kidogo na utahisi kama panajaa, baada ya hapo tunasubiri pafe ganzi ndo ninyooshe, sitavuta kabla hujaniambia pamekufa." Hilo la mwisho litimize kweli. Muulize kama ana aleji ya dawa za ganzi, kama aling'olewa jino zamani bila shida hiyo ni ishara nzuri. Weka kanula mkono mwingine ule mzima, watu wanaona ni kujisumbua kwa sindano ndogo vile, lakini ganzi ikigeuka sumu degedege likaja hutapata mshipa.

Mkono ulale kiganja kikiangalia chini, safisha kwa iodini au klorheksidini, si kupangusa mara moja na pamba ya spiriti, safisha kweli na uache pakauke, maana unaenda kuunganisha ngozi na mfupa uliovunjika na bakteria ukimpeleka pale umemtafutia mgonjwa balaa. Vaa glavu safi za upasuaji.

Sasa kidole chako cha shahada kipitishe taratibu juu ya mgongo wa mkono ukitokea katikati ya kigasha kwenda kwenye kiganja. Mfupa unakuja laini laini, ghafla unakutana na ngazi, kidole kinapanda. Pale chini ya ngazi ndo penyewe. Chukua sindano ya geji 21 au 23, ingia sentimita moja au mbili nyuma ya ngazi, upande wa kiwiko, sindano ikiwa imelala kama digrii 30 ikielekea vidoleni. Utagonga mfupa. Tulia, rudisha kidogo, tembeza ncha juu ya mfupa ukisogea mbele mpaka uhisi imedumbukia, ule ukinzani mgumu unapotea. Vuta bomba. Damu nyeusi nyeusi ya zamani ikija na kujizungusha ndani ya dawa, upo nyumbani, na ukiangalia vizuri mara nyingine unaona vitone vya mafuta vinaelea juu yake, hayo ni ya uboho. Damu ikija nyekundu ang'avu na inasukuma yenyewe hiyo ni ateri, toka. Isipokuja damu yoyote usidanganyike kwamba utabahatisha, badili mwelekeo, sogeza, tafuta tena, maana ganzi iliyomwagwa chini ya ngozi nje ya mvunjiko haitasaidia kitu na utaishia kulaumu dawa.

Ukiwa ndani sukuma ml 6 mpaka 8 polepole, ukivuta bomba tena kila baada ya ml mbili tatu. Kinachobaki kizungushe pembeni ya mvunjiko, na kama ile ncha ya mfupa wa alna upande wa kidole cha mwisho nayo inauma ukiibonyeza, ibakizie ml 2, hii inasahaulika sana, bloku nzuri kabisa alafu mgonjwa anaruka ukipinda mkono kwa sababu upande wa alna uko macho.

Subiri. Dakika 10 mpaka 15 kwa saa ya ukutani, si kwa hisia zako. Tumia muda huo kuandaa POP (plasta ya kufungia), maji, pamba, msaidizi. Mahali pengi ambako nasikia "hematoma bloku haifanyi kazi" ukiuliza vizuri unakuta alivuta baada ya dakika tatu. Jaribu kwa kusogeza kidogo sana kwanza, akikunja uso ongeza dakika tano.

Kuvuta kwenyewe sitakaa sana, msaidizi anashika juu ya kiwiko kikiwa kimekunjwa digrii 90, we unavuta kwa gumba na vidole taratibu dakika kadhaa bila kutikisa, misuli ichoke, unaongeza kidogo ule mpindo ili vipande viachiane, kisha unasukuma kipande cha mbele kirudi chini na mkono uelekee kidogo upande wa kidole cha mwisho. Funga nusu plasta, si hogo zima la kuzunguka, mkono utavimba siku ya kwanza na ya pili na hogo zima halina pa kupanukia. Rudia picha.

Bier bloku, nzuri ila ina masharti

Hii aliileta Mjerumani August Bier mwaka 1908. Unafunga mkono kwa kafu ya presha maalum, ule mkanda unaojazwa upepo, unajaza ganzi nyembamba kwenye mshipa wa mkono huohuo, mkono mzima unakufa ganzi kuanzia kwenye kafu kwenda chini na misuli inalegea, kuvuta kunakuwa rahisi kuliko kwenye hematoma bloku. Uingereza muongozo wa 2016 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, unaipendekeza ifikiriwe kwa watu wazima kitengo cha dharura, na wanasema wazi gesi ya maumivu inayovutwa kwa pumzi isitumike peke yake kunyoosha mvunjiko huu. Sibishani nao. Ila wao wana kafu inayoaminika na watu wawili wa kusimama pale mwanzo mpaka mwisho, we jiangalie kama unavyo.

Kwa sababu hatari yake yote ipo kwenye kafu. Ikiachia mapema ganzi yote inakwenda kwenye moyo na ubongo kwa mpigo. Kafu ya kawaida ya kupimia presha, ile inayovuja pole pole na gundi yake imechoka, usithubutu. Kanula mbili, moja kila mkono. Mkono unyanyuliwe juu dakika 3 damu ishuke, kafu ijazwe mpaka 100 juu ya presha ya juu ya mgonjwa, hakikisha mapigo ya kifundo yamepotea, ndo uingize lignokeini ya asilimia 0.5. Mtu wa kilo 60 kwa mg 3 kwa kilo ni mg 180, yani ml 36, unazipata kwa kuchanganya ml 9 za asilimia 2 na ml 27 za maji ya chumvi. Bila adrenalini. Na bupivakeini kamwe, watu wamekufa kwa hiyo, ndo maana ikapigwa marufuku kwenye Bier bloku. Kwenye nchi nyingi wanatumia prilokeini ambayo ni salama zaidi ila huku kwetu kuipata ni kazi.

Kafu isifunguliwe kabla ya dakika 20 hata kama umemaliza kuvuta ndani ya dakika tano, hata kama mgonjwa analalamika inabana, hata kama daktari mkubwa kasema sawa. Na isizidi dakika 45. Mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia ile kafu tu, asitumwe kuchukua maji ya POP.

Usimpige Bier mwenye sikoseli, na hili kwetu lina uzito maana kanda ya ziwa na pwani wagonjwa hao ni wengi na wengine hawajawahi kupimwa, kwa hiyo uliza historia ya kuumwa viungo, kuongezewa damu utotoni, ndugu aliyefariki mdogo. Wala mwenye presha ya juu kupita 200, mwenye kifafa, mwenye mkono uliopondwa, mtoto mdogo, au aliyenenepa mikono kiasi kwamba kafu haikai sawa.

Ganzi ya neva kwa altrasaundi

Siku hizi mashine za altrasaundi zinazobebeka zimeanza kuonekana kwenye vitengo vya dharura, na anayejua kuzitumia anaweza kuzima neva zenyewe juu zaidi, kwapani au karibu na mfupa wa bega. Ni tamu, ganzi inakaa masaa, mgonjwa anatoka hana habari. Karibu na bega kuna mapafu na ateri kubwa, kwa hiyo si kitu cha kujifunza kwenye video usiku mmoja. Kuzima neva tatu chini kwenye kigasha ni rahisi zaidi ila mara nyingi haizimi mfupa wote, inabidi uongezee hematoma bloku na uhesabu dozi zote pamoja, maana sumu haijui umechoma sehemu ngapi.

Tahadhari moja ya kweli: mkono uliopigwa kwa nguvu kubwa, ajali ya pikipiki au mashine, unaweza kuvimba kwa ndani mpaka misuli ikakosa damu, na kengele ya hilo ni maumivu yanayozidi. Ganzi ya masaa nane inazima kengele. Hao nawapa hematoma bloku ya lignokeini inayoisha mapema, na nawalaza niwaangalie.

Watoto

Kwanza angalia picha vizuri, mfupa wa mtoto mara nyingi umejikunja tu bila kuachana, huo hauvutwi kabisa, banzi na panadol basi. Ukihitaji kuvutwa, mtoto mkubwa anayesikia anaweza kuvumilia hematoma bloku, ila mdogo anayelia akiona koti jeupe tu ketamini ndo rafiki, mg 1 mpaka 1.5 kwa kilo kwenye mshipa, oksijeni na mfuko wa kupumulishia vikiwa pembeni na mtu mmoja anaangalia pumzi tu. Hapo si ganzi tena, ni usingizi, na masharti yake ni ya usingizi.

Ganzi ikigeuka sumu

Mgonjwa ataanza kukuambia midomo inawashawasha, ulimi mzito, mdomoni ladha ya chuma, masikio yanavuma. Wengine wanaanza kuongea ovyo au kusinzia. Ndo maana kusubiri kwako kuwe kwa kuongea naye, usimwache peke yake chumbani. Ukisikia mojawapo acha kusukuma, oksijeni, ita watu. Degedege likija diazepamu kwenye mshipa, pumzi isimamiwe. Moyo ukilegea kuna dripu ya mafuta ya asilimia 20, ml 1.5 kwa kilo kwa dakika 2 au 3, kwa mtu wa kilo 60 ni ml 90, kisha inaendelezwa huku mkikandamiza kifua. Ulizia leo kama hospitali yenu inayo na imewekwa wapi. Baada ya bloku mtazame angalau nusu saa.

Akienda nyumbani

Pima tena neva zilezile ganzi ikiisha, na linganisha na ulichoandika mwanzo. Hematoma bloku inaisha ndani ya saa moja au mbili, mpe dawa ya maumivu kabla haijaisha. Mwambie mkono ukae juu ya moyo, vidole avichezeshe kila mara hata kama anaogopa, na vidole vikiwa vya bluu, vya baridi, vimekufa ganzi upya, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, arudi usiku huohuo. Asiende kwa mtaalamu wa kuunga mifupa wa mtaani akafungiwe vijiti juu ya plasta, na hilo mwambie kwa upole, ukimkejeli ataenda tu na hatakuambia. Picha nyingine baada ya wiki moja hivi, maana mifupa hii inapenda kuteleza tena ndani ya plasta, na ikigundulika wiki ya kwanza bado inarudishika.

Kwenye faili andika dawa, asilimia, ml, saa uliyochoma, na neva kabla na baada. Atakayempokea asubuhi akikuta vidole vimekufa ganzi atajua aanzie wapi.